Kizibo cha Nne

Karatasi ilikuja ndani ya begi la mjukuu wangu Glori, imekunjwa mara nne na pembe moja ina mafuta ya karanga. Mama yake, Neema, alikuwa kazini, kwa hiyo niliifungua mimi. Juu iliandikwa Habari za Muhula, chini yake picha ya watoto wamekaa kwenye mikeka, kila mmoja na kazi yake mbele. Nilisoma ninavyosoma siku zote, kidole chini ya mstari, maana kusoma kwenyewe nimejifunza ukubwani, tayari nina watoto. Darasa la wadogo wamejifunza kumimina maji kutoka jagi moja kwenda jingine bila kumwaga. Darasa la wakubwa wamejifunza kufunga vifungo na kukunja vitambaa. Wote wamefanya vizuri katika mchezo wa ukimya. Halafu, ndani ya kisanduku chenye mstari mweusi: tunamkumbuka mwanzilishi wetu mpendwa, Madam Editruda, aliyetutoka muhula huu, mama wa watoto wote, ambaye katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kumwinulia mtoto fimbo. Nilikuwa nakunywa uji wa ulezi. Nikaweka kikombe chini, na sikukimaliza.

Ni kweli, fimbo hakuinua. Hilo hawakudanganya, na ndilo linalonichefua zaidi. Laiti angenichapa, ningekuwa na alama ya kumwonyesha mtu. Shule sitaitaja jina, maana ipo mpaka leo na walimu wa sasa ni mabinti wadogo wasio na kosa lolote. Lakini watu nitawataja. Madam Editruda, aliyekuwa mkuu. Mwalimu Apolinari, msaidizi wake, aliyekuwa akisoma habari za muhula kwa wazazi kwa sauti ya kanisani. Na Skolastika, mpishi, tuliyemwita dada Skola, ambaye yuko hai na nitamfikia. Neema alipomwandikisha Glori pale hakujua kitu, kwa sababu sikuwahi kumwambia. Utaanzaje kumwambia mtoto wako kwamba ulifukuzwa chekechea?

Mwaka ule nilikuwa nakaribia miaka minane. Nililetwa kutoka Milepa, kule bondeni kwenye joto, nikae Malangali, huku mjini kwenye baridi, kwa mama mdogo Milembe, nisome. Kwa nini baba aliamua hivyo, na mambo ya ng'ombe na ya ndugu zangu, hayahusiki hapa. Ninachokumbuka ni baridi. Sikuwa nimewahi kujua kwamba hewa inaweza kuuma meno. Mama mdogo alinivalisha sweta mbili, moja juu ya nyingine, akanipeleka mpaka mlangoni, akanisukuma kidogo mgongoni. Nikapiga magoti nikamwamkia Madam kwa Kisukuma, mwangaluka, kama nilivyofundishwa kumwamkia mkubwa. Watoto wakacheka. Madam hakucheka. Alichuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na yangu, akasema, "Hapa tunasema shikamoo, Kabula. Vua viatu." Nilimpenda saa ile ile. Nasema hivyo ili mjue nilitoka wapi mpaka nikafika hapa nilipo.

Darasa lilikuwa chumba kimoja kirefu, sakafu nyekundu iliyosuguliwa dawa mpaka unaona uso wako, na makabati ya mbao yaliyoishia kifuani kwangu, ili mtoto achukue mwenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa ajabu. Kwetu mtoto anapewa. Hapa mtoto anachukua. Unakunjua mkeka wako, unakwenda kabatini, unachagua kazi, unaifanya mpaka utosheke, unairudisha ulipoitoa. Kulikuwa na vijagi vya kumiminia, maharage ya kuchambua kwa rangi, herufi za karatasi ya msasa za kupitisha kidole. Mimi niliangukia ubao mmoja mnene wenye matundu kumi, kila tundu na kipande chake cha mbao cha mviringo, chenye kitufe juu cha kushikia. Kimoja chembamba kama kidole changu, kingine kinene kama mkono, na katikati vingine vya kila kadiri. Walimu walikuwa na jina lao, sisi watoto tuliviita vizibo. Unavitoa vyote, unavichanganya, unavirudisha. Ukikosea kimoja, cha mwisho hakitaingia, au kitadumbukia kizame. Hakuna wa kukuambia umekosea. Madam alikuwa akipita nyuma yetu amefunga mikono, anasema kwa kunong'ona, "Kosa litajisema lenyewe. Na kila kitu kina nyumba yake. Ukikikuta nje, kirudishe nyumbani." Nilivijua vizibo vile hata nikifumba macho. Cha nne kutoka kile kinene kilikuwa na ufa mdogo pembeni, kama ukucha uliopasuka. Nilikuwa naugusa ufa ule kila asubuhi kabla sijaanza, kama mtu anavyomgusa ng'ombe anayempenda.

Saa nne tulikwenda jikoni kwa dada Skola na vikombe vyetu vya bati. Uji ulikuwa wa ulezi, mzito, na siku nyingine alitutilia maziwa. Mimi nilikuwa mkubwa kuliko wengine wote, kwa hiyo nilibaki kuosha vikombe, na hapo ndipo nilipoyasikia maneno yao. Walidhani sijui Kiswahili. Mwalimu Apolinari alikuwa akija kuota moto, anasimama amelipa jiko mgongo, suruali yake inafuka.

"Huyu wa ng'ombe mnamfundisha nini?" dada Skola alimwuliza siku moja. "Si karibu anaolewa huyu?"

"Acha, Skola. Wageni wanaotuletea vifaa wanataka kuona mchanganyiko. Mfipa, Msukuma, mtoto wa ofisa, mtoto wa mkulima. Picha ikija, huyu anakaa mbele."

"Na ile miguu yake?"

"Si utampaka mafuta."

Wakacheka wote wawili, na dada Skola akaniongezea uji. Sikujua kuchukia wakati ule. Nilikunywa, na uji ulikuwa mtamu. Sasa hivi nikikumbuka utamu ule ndio ninaoukasirikia, kuliko hata maneno.

Mchezo wa ukimya tulicheza kila Ijumaa. Tunakaa kwenye mstari mweupe uliochorwa sakafuni, tunafumba macho, hatusogezi hata kidole, mpaka tunasikia upepo kwenye bati, kuku wa jirani, mtu anapita barabarani na baiskeli. Halafu Madam, akiwa mlangoni, ananong'ona majina, moja moja, na ukiitwa unakwenda kwake bila kutoa sauti. Ilikuwa tamu kuitwa. Unangoja jina lako katikati ya ukimya ule, na likija ni kama umeguswa shavu. Nayaeleza haya ili ieleweke kwamba kitu chenyewe kilikuwa kizuri. Waliokichafua ni watu.

Mwezi wa sita, zikiwa zimebaki siku chache shule ifungwe, kizibo cha nne kikapotea. Wageni walikuwa wanakuja siku ya kufunga, wale wale walioleta vifaa, pamoja na wazazi wote. Ubao wenye tundu tupu ulikuwa aibu. Tulitafuta chini ya makabati, ndani ya vikapu, kwenye mchanga wa nje. Madam alibadilika sura. Siku moja kabla ya kufunga, haikuwa Ijumaa, akatukalisha kwenye mstari. Mwalimu Apolinari akafunga madirisha. Madam hakwenda mlangoni. Alikaa kwenye kiti mbele yetu, akasema kwa sauti ile ile ya kunong'ona, "Kuna mtu ana kizibo chetu. Mimi sitamwuliza. Tutakaa kimya. Aliyekichukua hatatulia, mwili wake wenyewe utamsema."

Kuna mambo mtu akiwa mkubwa anayaelewa na bado hayaamini. Mwanamke aliyesoma, mwenye cheti ukutani, anachukua mchezo wa watoto wadogo anaufanya kiapo cha kumtafuta mwizi. Bibi zetu huku, Wafipa na Wasukuma sawasawa, walikuwa na njia zao za kumkamata mwizi, na watu kama Madam walituambia ni giza. Yeye aliifanya njia hiyo hiyo, kwenye sakafu iliyosuguliwa dawa.

Nilikuwa na kikohozi tangu baridi ianze. Mama mdogo alikuwa akinipa samli ya moto yenye chumvi kila jioni, na ilikuwa inatulia usiku na kurudi asubuhi. Niliposikia maneno ya Madam nikajua. Nilibana. Niliuma shavu kwa ndani. Niliwaza Milepa, joto, vumbi la zizi, na vumbi lile la kuwaza likanizidishia. Nilisikia upepo kwenye bati. Nilimsikia kuku. Machozi yalikuwa yananitoka chini ya kope kwa kubana, na nilitaka jina langu linong'onwe niinuke nitoke, lakini siku ile majina hayakuitwa. Nikakohoa. Kikitoka kimoja, vinatoka vyote. Nilikohoa mpaka nikainama nikagusa sakafu.

Nilipofumbua macho, wote wananitazama. Mvulana mmoja, Deo, mtoto wa miaka mitano, akasema taratibu, bila ubaya wowote, kama anayejibu swali, "Ni Kabula, Madam. Mwili umesema." Msichana aliyekaa kando yangu akajisogeza, akavuta na sketi yake.

"Basi," Madam akasema. "Tumemaliza."

Hakuna aliyenigusa. Mwalimu Apolinari alifungua madirisha. Niliambiwa nisiingie darasani kesho yake, nije na mama mdogo, nikae ofisini mpaka shughuli iishe.

Siku ya kufunga ilikuwa na jua la uongo, lile la huku kwetu linalong'aa bila kupasha moto. Wazazi walikaa kwenye mabenchi ndani ya darasa, nyuma, mama mdogo kati yao na kitenge chake kizuri, maana hakuwa ameambiwa kitu, niliogopa kumwambia. Wageni walikaa mbele kwenye viti. Mimi nilikaa ofisini, kwenye kigoda, mlango umeachwa wazi kidogo, nikaona watoto wanafanya kazi zao kwenye mikeka na kumsikia Mwalimu Apolinari akisoma Habari za Muhula kwenye karatasi iliyonuka wino. Watoto wetu wanachagua kazi wenyewe. Watoto wetu wanasahihisha makosa yao wenyewe. Hapa hakuna mtoto anayeaibishwa. Ubao wa vizibo ulikuwa juu ya mkeka katikati, hauna mtoto, na tundu la nne limefunikwa kwa kitambaa kidogo kilichokunjwa vizuri.

Nikageuza macho kwa aibu, nikatazama sakafu ya ofisi. Kwenye kona, limefichwa wageni wasilione, kulikuwa na dumu la mafuta ya taa, lile ambalo dada Skola alikuwa akiwashia jiko. Kifuniko chake hakikuwepo. Mdomoni kulikuwa na kipande cha mbao chenye kitufe juu.

Sikufikiri. Watu wakubwa wakinisimulia habari za watoto na akili zao, mimi huwa najua: mtoto hafikiri, anafanya alichofundishwa. Nilikichomoa. Kilitoa mlio mdogo, na harufu ya mafuta ikanijaa mkononi. Nikapapasa pembeni, ufa upo. Nikavua viatu mlangoni, maana ndiyo sheria, nikaingia darasani nikitembea juu ya mstari mweupe, bila kutoa sauti, mbele ya wageni na wazazi. Nikapiga magoti kwenye mkeka. Nikaondoa kile kitambaa, nikakikunja. Nikakirudisha kizibo nyumbani kwake. Kiliingia sawasawa.

Mgeni mmoja alitabasamu. Madam akainuka, akaweka mkono begani kwangu, akawaambia watu, "Mnaona. Hatukumpiga, hatukumlazimisha. Alichokichukua amekirudisha mwenyewe." Mwalimu Apolinari akakunja karatasi yake akaongezea, "Hii ndiyo habari kubwa ya muhula huu." Watu wakapiga makofi. Na hili ndilo sijawahi kulisema kwa mtu: nilifurahi. Nilidhani wanapigia makofi kazi yangu. Nilisimama pale nikicheka na mikono yangu inanuka mafuta, mpaka nilipomwona mama mdogo. Hakuwa akipiga makofi. Alikuwa ameziba mdomo wake kwa kitenge.

Ofisini, baadaye, Madam alizungumza kwa upole. Alisema hawanifukuzi, ila nafasi yangu watampa mtoto mwingine, mdogo, anayefaa zaidi. Mama mdogo hakuwa mtu wa kubishana na watu wa ofisini. Alinishika mkono, akaunusa.

"Madam, mbona mtoto ananuka mafuta ya taa?"

"Watoto wa zizini, mama, wananuka mengi."

Dada Skola alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai ya wageni. Nilimwona anatazama dumu lililobaki bila kizibo. Halafu akanitazama mimi. Halafu akapita na sinia yake.

Baba alikuja kunichukua. Sikuchapwa hata na yeye. Alisema tu, "Shule imekutema, basi," akaniweka kuchunga ng'ombe, na nyumbani kwetu habari ya Kabula na shule haikuzungumzwa tena. Wadogo zangu walisoma. Mimi nilikuwa nimeshapimwa. Niliishi, nikaolewa, nikafiwa, nikarudi mjini nikauza mchele na maharage sokoni, na nikiwa na watu wazima wenzangu kwenye jumuiya nikajifunza kupitisha kidole juu ya herufi, safari hii bila msasa. Niliyoyaandika hapa nimeandika kwa mkono wangu, Neema amepanga nukta tu.

Siku chache baada ya karatasi ile kuja, Madam akiwa hajazikwa bado, nilikwenda kuaga mwili wake. Sikwenda kulia. Nilitaka kusikia watasemaje, na walisema vile vile kama kwenye karatasi: mama wa watoto wote. Mwalimu Apolinari alitangulia kufa miaka mingi iliyopita, vinginevyo angesoma yeye. Tulipokuwa tunatoka, bibi mmoja mwenye fimbo ya kutembelea akanishika kiwiko.

"Wewe si Kabula? Wa Milepa?"

"Shikamoo, dada Skola." Nilimwamkia. Malezi yana ukatili wake.

"Marahaba, mwanangu." Alitazama chini. "Kile kizibo nilikiweka mimi. Kifuniko cha dumu kilipasuka, nikakiokota chini ya kabati nikifagia, nikajaribu, kikaingia kama kimechongewa. Waliposema kinatafutwa, nikaogopa kazi yangu."

"Na Madam? Alijua?"

"Nilimwambia siku ile ile jioni. Nililia. Akaniambia, Skola, wageni wameshaondoka, habari zimeshasomwa. Osha dumu, tafuta kifuniko kingine."

Habari zimeshasomwa. Miaka yote nilidhani alikosea. Kosa ningeweza kulimeza. Dada Skola akasema, "Nisamehe, Kabula, nimebaki na siku chache." Nikamwambia nimemsikia. Ndilo lililotoka. Sikumwambia nimemsamehe, na sitamwambia hivyo ili tu afe vizuri.

Wiki iliyofuata ilikuwa siku ya kufunga shule ya kina Glori. Neema alinibembeleza nikaenda. Chumba ni kile kile, wameweka vigae tu, na mstari mweupe wameuchora upya. Mwalimu ni binti mwembamba, namkadiria umri wa Neema. Alisoma habari zake kwenye simu. Kisha akasema, "Sasa watoto watawaonyesha wazazi mchezo wa ukimya." Glori alikaa kwenye mstari, akafumba macho, akabana midomo mpaka ikapotea. Chumba kikanyamaza. Nilisikia upepo. Nilihesabu watoto kumi na saba, nikatafuta kati yao ambaye kifua kinampanda, na niliona mmoja, mvulana wa pembeni, shingo imemtoka mishipa, anameza mate, anameza tena.

Sikuwa na kikohozi. Nilikohoa. Nilikohoa kwa nguvu, kutoka chini kabisa, mara ya kwanza na ya pili na ya tatu, kwenye benchi la wazazi, na Neema akanishika goti kwa aibu akinong'ona, "Mama, jamani." Yule mvulana naye akakohoa, akaachia yote. Glori akafumbua jicho moja. Yule mwalimu akageuka, na mimi nikakaza mwili nikimngoja.

"Pole, bibi," akasema. "Pole na wewe, Juma." Akaenda kabatini, kwenye vile vijagi vya watoto, akamimina maji vikombe viwili bila kumwaga, kimoja akampa mvulana, kingine akaniletea. Kisha akarudi mlangoni akaanza kunong'ona majina.

Nilikishika kikombe kile kwa mikono miwili. Kilikuwa kidogo sana, cha mtoto. Maji yalikuwa ya baridi, mafunda mawili yakaisha. Hicho tu ndicho kilichokuwa kinatakiwa siku ile nilipokohoa mimi, na jagi lilikuwa pale pale kabatini, umbali wa Madam kunyoosha mkono.